Picha Niliyoipiga kwa Namba Mbili

Kamera yangu ya kwanza nilipewa na mzungu. Alikuwa akifundisha katika sekondari ya misheni karibu na Keumbu, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyopakana nayo. Mkataba wake ulipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya sabini, aligawa vitu vyake vyote kwa siku moja. Blanketi zilimwendea mpishi, baiskeli ikamwendea mlinzi. Mimi nilipata kamera kwa sababu nilikuwa nimemsumbua kwa maswali kuihusu tangu alipofika.

Somo lake lilichukua nusu saa. Alimsimamisha mpishi mbele ya migomba, akanionyesha pete mbili zilizozunguka lenzi. Moja ilikuwa ya umbali: unaizungusha mpaka sura ya mtu itulie machoni. Nyingine ilikuwa na namba, kuanzia mbili hadi kumi na sita, nayo ilifungua na kufunga tundu la kuingizia mwanga.

"Ukitaka mtu peke yake, weka mbili," aliniambia. "Vingine vyote vitaondoka."

Picha ile aliisafisha kabla hajaondoka, akaniachia nakala. Mpishi alionekana mpaka vinyweleo vya kidevu. Migomba iliyokuwa nyuma yake, pamoja na rundo la kuni na choo cha shule, ilikuwa imeyeyuka ikawa moshi wa kijivu. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho. Mzee yule, aliyeshinda akipuliza moto kwa mdomo, alionekana kama mtu wa gazetini, mtu asiye na choo nyuma yake.

Namba nyingine mzungu alizipitia haraka. Kumi na moja na kumi na sita, alisema, ni za jua kali. Nikaondoka nikiamini kwamba namba nyingine zote ni za kupimia mwanga tu, na kwamba mbili ndiyo namba ya watu wanaojua kupiga picha. Hayo ndiyo yaliyokuwa maarifa yangu yote, na kwa maarifa hayo nilianza kujiita fundi.

Mwaka huohuo kaka yangu alipata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Tulikuwa wana wawili tu wa mama yetu, yeye mkubwa, mimi mdogo. Nyumbani kwetu ni kwenye mlima ng'ambo ya Masimba, upande wa Nyamira, ingawa siku hizo Nyamira na Kisii zilikuwa wilaya moja. Baba alikuwa ameoa mke wa pili tukiwa bado shuleni. Kanisa lilimfuta kwenye daftari lake, naye hakujali. Alimjengea mama mdogo nyumba ya mabati juu ya kiwanja, mama yetu akabaki chini na nyumba yake ya nyasi na jiko lililoinama upande mmoja. Mama hakuacha kanisa. Kila Sabato alishuka mlima akiwa na blauzi yake nyeupe, akarudi jioni, akakaa jikoni kwake. Hakugombana na mtu yeyote. Ila hakukanyaga juu kwa mabati isipokuwa ameitwa.

Siku mbili kabla ya safari, baba alisema tupigwe picha moja ya jamii nzima, kaka aende nayo. Akaniangalia mimi. Wiki nzima nilikuwa nikingoja aniangalie hivyo.

Asubuhi ile mawingu yalikuwa yametanda, si mazito, yale ya kwetu yanayokaa mpaka saa nne ndipo yaamue. Kaka alitaka tupigwe nyumba ya mabati ikiwa nyuma. Nikamwambia haiwezekani, mwanga unatoka upande ule na nyuso zitakuwa nyeusi. Hilo lilikuwa kweli. Kwa hiyo ilibidi watu waupe mgongo upande wa chini, yaani jiko la mama.

Nikalitazama jiko lile kupitia kwenye kamera. Nyasi zilikuwa zimeoza na kuota majani. Ukuta mmoja ulikuwa umeegemezwa mti. Moshi ulikuwa ukitoka kila mahali isipokuwa mahali pa kutokea moshi, kwa sababu mama alikuwa ndani akipika kuku wa safari. Nikawaza juu ya wazungu ambao kaka angekaa nao, wakiishika picha hii na kuuliza, hiki ni nini? Na kaka akijibu, hapo ndipo nilipozaliwa.

Basi nikaweka namba mbili.

Nataka ieleweke kwamba sikubahatisha. Niliweka mbili nikijua ninachofanya. Nilitaka jiko lile liondoke.

Niliwapanga. Baba na mama mdogo kwenye viti mbele, hatua nne kutoka kwangu. Kaka alisimama nyuma ya baba, akimshika bega, akiwa na suti ya kuazima. Watoto wa mama mdogo walikaa chini kwenye nyasi. Nikageuza pete ya umbali mpaka macho ya baba yakatulia. Hapo ndipo mama alipotoka jikoni akijifuta mikono. Aliona viti vimeshajaa. Akasimama palepale kando ya mlango wa jiko, hatua tatu au nne nyuma ya wengine.

"Mama, sogea," kaka akamwambia.

"Niko sawa hapa," mama akajibu. "Nikitoka sufuria itaungua."

Mama mdogo aliinuka nusu, kana kwamba anataka kumpisha kiti, lakini baba alikohoa, mama mdogo akakaa tena. Wote wakaniangalia mimi, kwa kuwa mwenye kamera ndiye aliyekuwa mkubwa wa mahali pale kwa dakika ile. Ningeweza kusema, baba, mama aje mbele. Ningeweza kumfuata mama na kumshika mkono. Lakini mpangilio wangu ulikuwa umekaa vizuri, na mawingu yalikuwa yanaanza kufunguka.

"Haidhuru," nikasema. "Simama hapohapo, mama. Unaonekana."

Nikabonyeza.

Picha ilisafishwa mjini Kisii, na kaka akaichukua njiani akielekea Nairobi bila mimi kuiona. Nilibaki na negativu, kipande kidogo cha filamu kama kucha, ambacho ukikiinua kwenye mwanga cheusi kinaonekana cheupe na cheupe cheusi, na hujui nani ni nani. Niliendelea kujisifu. Nilianza kupiga picha sokoni Keumbu siku za Jumapili, wachumba, akina mama wenye watoto wachanga, makondakta waliotaka kuonekana wamekaa kwenye usukani. Wote niliwapiga kwa namba mbili. Wote walifurahi.

Barua ya kaka ilichukua miezi mitatu kufika. Alieleza baridi, chakula, chumba anacholala na mwenzake kutoka Uganda. Mwishoni aliandika: "Picha nimeitundika juu ya kitanda. Baba namwona. Mama mdogo namwona mpaka maua ya gauni. Mama yetu simwoni. Kuna kivuli mlangoni, nawaambia watu ndiye mama yangu, wananitazama. Nipigie picha ya mama peke yake, unitumie haraka. Naomba sana."

Nilichukua negativu nikaenda mjini. Karibu na Daraja Mbili palikuwa na studio ya mzee mmoja aliyejifunza kazi Kisumu, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyogeuka rangi kwa dawa. Nilimwambia nataka sehemu ya nyuma ikuzwe, pale mlangoni. Akaingia chumba cha giza, akakaa. Alipotoka alikuwa na karatasi bado inachuruzika maji. Aliiweka mezani.

Kilikuwa kipande cha ukungu chenye umbo la mtu. Blauzi ilikuwa doa jeupe. Mahali pa uso palikuwa na kijivu kilichopakana na kijivu kingine.

"Kuza zaidi, mzee," nikamwambia.

"Nikikuza zaidi nitakuza ukungu," akasema. "Uso haumo, mwalimu. Haukuingia. Ulifungua namba ngapi?"

"Mbili."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na mawingu."

Mawingu yalikuwepo, lakini si kwa sababu yake; huo ulikuwa uongo wa kwanza. Alinitazama, akatoa kamera yake kabatini, akafungua mgongo wake, hapakuwa na filamu ndani. "Angalia hapa," akasema, na kuigeuza pete ya namba. Kwenye mbili tundu lilikuwa jicho la ng'ombe. Kwenye kumi na sita likawa tobo la sindano. "Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Na tundu likiwa kubwa, lenzi inaona vizuri mahali pamoja tu. Ulipomlenga yule wa kwenye kiti, uliilazimisha imwone yeye, na kitambo kidogo cha umbali mbele yake, na kitambo kidogo nyuma yake. Basi. Huyu wa mlangoni yuko nje. Ungefunga tundu mpaka nane, kitambo kingerefuka. Ungefunga mpaka kumi na moja, kingemfikia. Na ungerudi nyuma hatua tano, kingerefuka tena zaidi, kwa sababu kadiri unavyomkaribia unayemlenga ndivyo kinavyokuwa chembamba."

"Lakini mwanga ulikuwa kidogo."

"Ungeweka kamera juu ya meza isitikisike, ukapunguza kasi ya kubonyeza, lenzi ikae wazi muda mrefu zaidi, ukawaambia watu watulie. Mwanga unaingia polepole, lakini unaingia." Akanionyesha kwenye lenzi mistari midogo iliyochorwa pande mbili za alama ya katikati, kila jozi na namba yake. Jozi ya mbili ilibanana kama meno. Jozi ya kumi na sita iliachana, ikashika futi nyingi kushoto na kulia. "Imeandikwa hapa," akasema. "Kwenye yako pia imeandikwa."

Ilikuwa imeandikwa. Mistari ile nilikuwa nimeiona tangu siku ya kwanza, nikadhani ni pambo.

Mzee akakunja ngumi yake, akaacha katobo kadogo katikati, akaiweka jichoni. "Hata mtu wa macho mabovu, akichungulia hivi, vitu vya mbali vinatulia. Jaribu."

Sikuhitaji kujaribu. Mama yangu alikuwa na macho mabovu, na kila alipotaka kujua ni nani anapanda njia ya kwetu alikunja ngumi hivyohivyo akachungulia. "Ni wewe," alikuwa akisema ukiwa bado mbali, huku ameshusha mkono. Tulikuwa tukimcheka. Mama ambaye hakukaa darasani hata siku moja alikuwa anajua kufunga tundu. Mimi mwalimu, mwenye cheti, ndiye nisiyejua.

Nilimtumia ujumbe mama kupitia kwa muuza pareto wa jirani: Jumapili nitakuja nikupige picha, uvae vizuri.

Sasa nieleze Jumapili zilizofuata, kwa sababu hakuna njia ya kuziruka. Siku ya kwanza palikuwa na harusi Keumbu na bwana harusi alikuwa mwalimu mkuu wangu. Ya pili mvua ilinyesha kutoka asubuhi. Ya tatu nilikuwa na filamu, jua lilikuwepo, na nilikaa sokoni kwa sababu watu walikuwa wengi na walikuwa wakiniita fundi. Ya nne sikumbuki. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka nilifanya nini Jumapili ya nne, na sipati kitu. Kila wiki nilituma ujumbe uleule, wiki ijayo, wiki ijayo. Kutoka Keumbu hadi Masimba ni mwendo ambao mtu mzima anaumaliza kabla ya chai ya saa nne, na kutoka pale ni kupanda mlima tu.

Kabla ya Jumapili ya tano, mama alishikwa na homa ya mapafu. Alipelekwa hospitali Jumatatu. Nilifika Jumatano mchana nikamkuta hasemi. Alhamisi akafa. Kamera ilikuwa kwenye mkoba wangu wakati wote ule. Sikuweza kuitoa, na hata sasa sijui kama hiyo ilikuwa heshima au woga.

Siku ya mazishi mzee wa kanisa aliniuliza kama ninayo picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza, kwa kuwa watu wote walijua kazi yangu. Nikamwambia hapana. Alifikiri hajanisikia vizuri. Akarudia swali, nami nikarudia jibu, mbele ya shangazi zangu.

Baada ya watu kutawanyika, mama mdogo alikuja kukaa karibu nami kwenye gogo nje ya nyumba ya mama. Hatukuwa na mazoea ya kukaa pamoja. Alikuwa akichanachana majani mikononi.

"Alikuwa akikungoja," akasema.

"Najua, mama mdogo."

"Hujui. Jumapili ya kwanza aliketi hapa kwenye kiti na ile blauzi ya kanisa mpaka jua likatua. Ya pili, mvua ikinyesha, aliketi mlangoni. Ya tatu alipanda juu kwangu. Hakuwahi kupanda kwangu bila kuitwa. Akaniomba kitambaa cha kichwa, kile chekundu, akasema chake kimechakaa na mtoto wake wa ng'ambo asikione. Nikamfunga mimi mwenyewe." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Akaniuliza, nikikaa pale nitaonekana? Nikamwambia utaonekana, wewe kaa tu. Jumapili ya nne akaja tena, nikamfunga tena. Kitambaa hakijarudi. Mmemzika nacho?"

"Sijui," nikasema.

"Basi," akasema, akaondoka.

Nilikuwa nimemchukia mwanamke yule kwa miaka kumi na mbili. Nilimchukia kwa niaba ya mama, nikidhani ndiyo njia ya kumpenda mama. Na ni yeye aliyemfunga kitambaa, na ni yeye aliyekuwa ametaka kumpisha kiti.

Kaka nilimwandikia barua ya kifo bila kutaja picha. Alijibu mistari minne. Nauli ya kurudi haikuwepo. Baada ya hapo aliandika kwa baba tu, na baba, ambaye hakujua kusoma, alinipa mimi nimsomee. Nilisoma salamu kwa kila mtu pale nyumbani, hata kwa ng'ombe aliyekuwa amezaa, na jina langu halikuwamo. Mara mbili nililiongeza mwenyewe nikisoma, ili baba asione.

Kaka alirudi karibu na mwisho wa miaka ya sabini, amenenepa, amevaa miwani. Siku ya pili alinikuta kwenye kiwanja cha chini. Jiko la mama lilikuwa limekwisha kuanguka, limebaki mafiga matatu na majani. Alitoa picha ile kwenye bahasha. Pembe zilikuwa na matobo ya pini.

"Nilisoma juu ya mambo haya huko," akasema. "Nilichukua kitabu maktaba nione ilikuwaje. Nilidhani kamera ilikuwa mbovu. Nikasoma, nikaelewa haikuwa mbovu. Nataka uniambie wewe. Ulikosea?"

Palikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Alikuwa ameileta yeye mwenyewe, ameiweka mbele yangu kama kiti. Ningesema nilikuwa kijana, sikujua, mzungu alinifundisha nusu. Nusu ya hayo yangekuwa kweli.

"Nilitaka jiko lisionekane," nikamwambia. "Niliona aibu kwa ajili yako, mbele ya wazungu wako. Mama akasimama palepale nilipokuwa nataka pafutike. Nilimwona amesimama pale, nikabonyeza."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Miaka ile yote nilikuwa nikijaribu kukumbuka mlango ule ulivyokuwa. Upande gani palikuwa na kinu. Mti ule ulioegemea ukuta ulikuwa wa nini. Nilikuwa nikiitazama picha usiku na mchana nikitafuta jiko. Ulinifichia mimi. Hao wazungu hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia chumbani kwangu."

"Nisamehe, kaka."

"Sijui," akasema. "Kwa kweli sijui." Akairudisha picha kwenye bahasha.

Kesho yake alikwenda Nairobi alikopata kazi. Hatukupigana, hatukutukanana, na labda ingekuwa afadhali. Tulisalimiana kwenye misiba na harusi kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja. Niliendelea kupiga picha miaka kadhaa, sasa kwa namba kumi na moja, kamera juu ya meza, watu wametulia mpaka wanalalamika shingo zinawauma. Hakuna aliyefifia tena kwenye picha zangu. Wateja walipungua. Walisema picha zangu zinaonyesha kila kitu, mpaka kamba ya nguo, na kwamba yule fundi mwingine kijana anajua kumtoa mtu peke yake.

Mwaka mmoja baada ya kaka kurudi, baba alikufa. Kaka ndiye aliyesimamia mazishi, na alileta mpigapicha kutoka mjini. Mimi sikuambiwa nije na kamera, wala sikuambiwa nisije nayo. Wakati wa picha ya jamii nilisimama mstari wa tatu, pamoja na wakwe. Mama mdogo alikuwa kwenye kiti mbele, peke yake, akigeuka kila mara kuhesabu kama wote tumefika.